Tukinunua nyumba ya kupangisha Kampala, tununue wapi?



Kila wenzetu walioko Dubai, Doha na Muscat wanapoanza kurudi likizo, swali moja huzunguka katika baraza zetu: fedha iliyopatikana kwa miaka mitano au kumi ya jasho iwekwe wapi ili ilete chochote kila mwezi? Wengi hujibu upesi, nunua nyumba upangishe. Jibu hilo si baya. Lakini swali linalofuata, yaani nyumba hiyo iwe wapi, huachiwa dalali, na hapo ndipo akiba ya familia nzima inapozama. Kwa kuwa ndugu wengi wa Bukavu, Goma, Bujumbura na Kigali nao wanaitazama Kampala kama mji wa kuweka mali, tumeona tuseme maoni yetu juu ya mji huo, hali tukijua kwamba wapo watakaotupinga.

Sisi tunasema hivi: kama shabaha ni pango la kila mwezi la kulipia karo na chakula, basi tununue mahali ambapo mfanyakazi wa kipato cha chini tayari analala, anapoweza kwenda kazini kwa miguu au kwa nauli moja ya teksi, na juu ya ardhi ambayo karatasi zake tumezisoma wenyewe. Tusinunue mahali panapopendeza wageni wetu. Wala tusinunue mahali tulipoambiwa kwamba barabara itapita.

Tuanze na hesabu, maana maneno bila hesabu ndiyo biashara ya dalali. Tuseme familia ina uwezo wa kununua nyumba moja nzuri ya kujitegemea, yenye ukuta na geti, upande wa Kyanja au Najjera, kwa shilingi milioni 120, nayo inapangishwa kwa 700,000 kwa mwezi. (Takwimu hizi ni za mfano, kila mtu aweke za kwake.) Nyumba ya namna hiyo mpangaji akiondoka, kumpata mwingine huchukua muda, basi tuhesabu miezi 11, ni milioni 7.7. Kodi ya serikali: tangu Julai 2022 mtu binafsi nchini Uganda hutozwa asilimia 12 ya pango lote linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, wala haruhusiwi kutoa gharama zake kwanza. Hiyo ni karibu 586,000. Matengenezo, rangi na fundi bomba, tuseme 800,000. Kinachobaki ni kama milioni 6.3, yaani kila shilingi mia tuliyoweka imezaa shilingi tano na kidogo.

Sasa tutazame vyumba sita vya mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake, upande wa Bweyogerere au Seeta, vilivyonunuliwa kwa milioni 90, chumba 200,000 kwa mwezi. Wapangaji wa vyumba huhama zaidi, kwa hiyo tuhesabu kila chumba kikae kitupu mwezi mmoja na nusu. Linaingia pango la milioni 12.6. Kodi kwa hesabu ileile ni karibu 1,174,000. Gharama hapa ni kubwa kuliko kule: gari la kunyonya choo, taka, kufuli, mabati, na posho ya msimamizi, tuseme milioni 2.4. Kinabaki kama milioni 9. Fedha iliyowekwa ni pungufu kwa milioni 30, na kinachorudi ni zaidi.

Waganda huita chumba cha namna hii muzigo. Kwa Kiswahili mzigo ni kitu kingine, na yeyote aliyewahi kusimamia vyumba kumi na choo kimoja atakwambia kwamba wakati mwingine maana hizo mbili hukutana.

Kwa nini tumetaja Bweyogerere na Seeta? Kwa sababu ya eneo la viwanda la Namanve lililo katikati yao, kandokando ya barabara ya Jinja. Kiwanda kina zamu za usiku na za alfajiri. Anayetoka zamu saa sita za usiku hataki kupanga Kawempe, upande wa pili wa mji, hata akipewa chumba kwa bei ya chini. Mpangaji wa namna hiyo habembelezwi na bustani wala vigae; anataka maji, mita yake mwenyewe ya umeme ya Yaka asigombane na jirani, na mlango unaofungika. Akiondoka huyu, mwenzake wa kazini ndiye huja kuuliza kama chumba kimebaki. Mahali pa kununua ndipo pale ambapo sababu ya watu kulala haitegemei sisi. Sababu hiyo inaweza kuwa kiwanda, soko, hospitali au kituo kikubwa cha teksi. Kisenyi, kwa mfano, si mahali pa kupendeza, lakini wafanyabiashara hawaachi kutafuta chumba huko kwa kuwa mji mzima uko mlangoni.

Wapo watakaosema: lakini nyumba nzuri hupanda thamani. Ni kweli, pengine hupanda. Ila kupanda thamani hakulipi karo ya mtoto mwezi Februari. Thamani iliyopanda huonekana siku ya kuuza tu, na wengi wetu hatuuzi, kwa kuwa nyumba ikishakuwa nzuri inakuwa ni jina la familia, mama hataki iuzwe, na kaka mkubwa ameshahamia humo bila ya pango. Tusifichane: nyumba nyingi zinazoitwa za kupangisha katika jamaa zetu zinakaliwa na jamaa.

Wanafunzi je? Hili tunaulizwa sana, na tunalijibu kwa tahadhari kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wanafunzi wenyewe. Kuna vyumba vya Kikoni na Nakulabye kwa ajili ya Makerere. Kuna jirani na Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, ambacho pia kina kampasi Kibuli na ile ya wasichana Kabojja. Mahitaji yapo, na mzazi Mwislamu anaompeleka binti yake Kabojja atalipa zaidi kidogo apate nyumba yenye utulivu. Lakini mwaka wa chuo ni semista mbili za kama wiki 17 kila moja. Miezi ya likizo nani analipa? Tena tukumbuke Machi 2020, shule na vyuo vyote vya Uganda vilipofungwa kwa ajili ya korona. Vyuo vikuu vilirudi vipande vipande, na shule hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Aliyekuwa na hosteli tupu na hana kingine alikula akiba yake. Sisi tunasema chumba cha mwanafunzi kiwe sehemu ya mali, kisiwe mali yote. Na kiwe mahali ambapo hata mwalimu, muuguzi au muuza duka anaweza kupanga wanafunzi wakiondoka. Mbale ardhi ni rahisi kuliko Kampala na wengi wanavutiwa na bei hiyo, lakini wapangaji wengine wa kuziba pengo la likizo ni wachache pia.

Tumeacha kwa makusudi jambo zito kuliko yote, nalo ni ardhi yenyewe.

Katiba ya Uganda ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodi kwa muda. Kampala na wilaya zinazoizunguka kwa sehemu kubwa ni mailo, mfumo uliotokana na mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ardhi ilipogawiwa kwa maili za mraba. Tatizo ni kwamba juu ya ardhi moja ya mailo kuna watu wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeikalia. Sheria ya ardhi ya 1998 inamlinda huyu wa pili akiwa mkaaji halali, naye hulipa busuulu, ada ndogo ya mwaka. Kwa hiyo dalali anapokuambia kiwanja kinauzwa bei nafuu, swali la kwanza liwe: unaniuzia hati au unaniuzia kibanja?

Kibanja si haramu kununua, na wapangaji hawaulizi hati. Lakini aliyenunua kibanja amenunua haki ya kukaa, hajanunua ardhi. Muuzaji anatakiwa apate ridhaa ya mwenye hati kabla ya kuuza, na mwenye hati ana haki ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua. Mila inataka mnunuzi ajitambulishe kwake na kutoa kile Waganda wanachokiita kanzu, ambayo siku hizi ni fedha na si nguo. Aliyepita pembeni ya haya yote akajenga vyumba kumi, amejenga juu ya ugomvi. Na kinyume chake kipo pia: unanunua hati safi kabisa, unafika kiwanjani unakuta familia tatu zenye vibanja ambazo sheria hairuhusu kuziondoa hivihivi.

Barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa LC1 ni ushahidi kwamba mlikutana na kwamba anakufahamu. Haikupi umiliki. Lazima hati ikaguliwe katika ofisi ya ardhi ya eneo hilo, mpimaji afungue mipaka mbele ya majirani, na kama muuzaji ana mke au mume na hiyo ni ardhi ya makazi ya familia, ridhaa ya mwenzake ipatikane kwa maandishi. Gharama ya mwanasheria na mpimaji inauma, tunajua. Wengi huona bora waongeze chumba kimoja kwa fedha hiyo. Bora kupunguza chumba.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda: asiye raia wa Uganda haruhusiwi kumiliki mailo wala ardhi ya umiliki wa kudumu. Anaweza kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na mkataba wake ukizidi miaka mitano lazima usajiliwe. Wapo wanaodhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imelifuta jambo hili. Haikulifuta, itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha masuala ya ardhi chini ya sheria ya kila nchi.

Hapo ndipo linapoingia jina la shemeji. Mgeni hawezi kumiliki, au dada yuko Riyadh hawezi kuja kutia saini, basi fedha inatumwa kwa kaka, kwa shemeji, kwa rafiki wa msikitini, na hati inaandikwa kwa jina lake. Hatusemi kwamba hawa ni wezi. Wengi wao ni watu waaminifu kabisa. Lakini mwaminifu naye hufa. Siku anapokufa, mali yote iliyo katika jina lake inaonekana ni urithi wake. Wajane na watoto wake wanataka mafungu yao, nao hawajui habari ya dada wa Riyadh, au wanaijua kwa kusikia tu. Kadhi atauliza ushahidi, mahakama itauliza karatasi. Dada ataonyesha risiti za kutuma fedha ambazo hazisemi zilikuwa za nini, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo alikuwa akituma pia fedha za chakula na dawa ya mama. Mwanamke aliyefanya kazi za ndani kwa watu miaka minane anabaki akiwabembeleza watoto wa kaka yake wamhurumie.

Sura ya Al-Baqara imetuamrisha kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na sisi tunaona haya kuandikiana na ndugu. Tunaita kuandikiana kutoaminiana. Raia wa Uganda aliye nje anaweza kununua kwa jina lake mwenyewe na kumpa ndugu uwakilishi ulioandikwa na kusajiliwa, wenye mipaka: kununua ndiyo, kuuza hapana, kuweka rehani hapana. Kila fedha inapotumwa, iandikwe ni ya nini. Na kama hakuna ndugu anayekubali kuandikiwa hivyo, hiyo nayo ni habari muhimu, tena imepatikana kabla fedha haijaondoka.

Turudi kwenye mahali. Kampala ni mji wa vilima, na kati ya vilima kuna mabonde yenye mafunjo. Kiwanja cha bondeni ni rahisi kwa sababu inayojulikana. Bwaise mvua ikinyesha wapangaji huweka magodoro juu ya meza. Lubigi, upande wa kaskazini-magharibi wa mji, mamlaka ya mazingira ilibomoa nyumba nyingi katikati ya mwaka 2024 kwa kuwa zilijengwa ndani ya ardhi oevu. Hata hati haitoshi hapo, maana hati zilizotolewa juu ya ardhi oevu baada ya katiba ya 1995 zinaweza kufutwa. Na Agosti mwaka huohuo jalala la Kiteezi lilimomonyoka na kufukia nyumba za watu, wakafa zaidi ya thelathini. Pango la Kiteezi lilikuwa la chini, na watu walikuwa wakilipa kila mwezi. Kwa hiyo hesabu yetu ya hapo juu, ikisomwa bila ya akili, ingeweza kumpeleka mtu huko. Pango linaloingia juu ya maisha ya mpangaji si riziki tunayoitaka.

Ama habari ya barabara inayokuja, tutazame ile ya mwendo kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018. Wengi walinunua kandokando yake kabla haijakamilika. Barabara imekuja kweli, lakini ina milango michache. Aliye mita hamsini kutoka kwake anasikia magari usiku kucha na hawezi kupanda teksi pale. Mpangaji hufuata kituo cha teksi.

Mkopo wa benki tumeuacha nyuma kwa kuwa kwa Mwislamu riba inatosha kuufunga mlango. Lakini hata kwa anayetaka hesabu tu: mikopo ya shilingi nchini Uganda kwa miaka mingi imekuwa ikizunguka karibu na asilimia 18. Milioni 90 kwa kiwango hicho hudai zaidi ya milioni 16 za riba katika mwaka wa kwanza, na vyumba vyetu sita vimeleta 9. Sheria ya mabenki ya Uganda ilifunguliwa mlango wa huduma za Kiislamu mwaka 2016, na benki ya kwanza ya Kiislamu ikapata leseni mwaka 2023, ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mauzo ya faida kwa awamu nayo yana bei, na bei hiyo iwekwe kando ya pango lilelile kabla ya kutia saini. Wanne wa ukoo mmoja wakichanga na kuandikiana mafungu yao wanaweza kufika bila ya benki yoyote, ingawa tunakiri kwamba kuandikiana ndiko kugumu kuliko kuchanga.

Jambo la msimamizi hatuna budi kulitaja. Vyumba sita vina wapangaji sita, na kila mmoja ana mwezi wake mbaya. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 hairuhusu kupandisha pango zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na inataka mkataba unaofikia shilingi 500,000 uandikwe. Haiwezekani kumfungia mtu mlango na kutupa vyombo vyake nje kama ilivyozoeleka. Aliye Doha bila ya mtu wa kukaa karibu na vyumba, hesabu yetu haimfai. Huyo nyumba moja yenye mpangaji mmoja mtulivu, hata kwa shilingi tano katika mia, ni nafuu kwake. Tumeandika haya kwa ajili ya familia yenye mtu pale pale, mjomba mstaafu au mama mwenye sauti.

Na zaka: wanazuoni wengi wanasema nyumba ya kupangisha haitolewi zaka ya thamani yake, bali pango lililowekwa likifikia nisabu na kutimiza mwaka. Aliyenunua kwa nia ya kuuza, zaka yake ni ya thamani kila mwaka. Nia iandikwe katika daftari lilelile la hesabu.

Kabla ya kulipa, kiwanja kitazamwe Aprili au Novemba, wakati wa mvua, si Julai ambapo kila bonde ni kavu. Mtu afike saa kumi na moja za alfajiri asimame penye njia ahesabu watu wanaotoka kwenda kazini na wanaelekea wapi. Aulize wapangaji wa jirani, si wenye nyumba, wanalipa kiasi gani na maji hukatika siku ngapi. Dalali akisema hakuna haja ya kufika wakati huo kwa kuwa kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho, aachwe huyo mwingine anunue.